Mpangaji wa Kidevuni

Hà Nội, 30 Juni 1996

Kwa Shangazi Tư,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na baba naye mzima, na miche ya maua ya Tết, Mwaka Mpya wetu, imeshashika vikapuni. Mimi sijambo, isipokuwa tumbo. Supu ya huku haina sukari wala majani, na nikiomba sukari wananitazama kama nimeomba mafuta ya taa. Nikifungua mdomo wanacheka lafudhi yangu ya Kusini, kwa hiyo nacheka nao.

Kazi nimeanza. Niko mapokezi ya hoteli, mbele kabisa, si jikoni kama ulivyohofia. Ila ni miezi sita ya kujaribiwa, ruhusa ya kusafiri hakuna, na ukishindwa unarudishwa kwenu. Tulikuja tisa kutoka Kusini. Wawili wameshapandishwa treni, mmoja kwa sababu ya harufu ya mdomo.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tunapangwa mstari. Mikono mbele, kucha juu, kisha viganja juu. Mkuu wetu, Bi Ngân, anakagua viatu, soksi, kola, anapitisha kitambaa cheupe nyuma ya masikio. Jana alisimama mbele yangu akanitazama kidevu.

"Hii nini?"

"Unywele, Bi."

"Naona ni unywele. Unafanya nini hapo?"

"Unakaa tu, Bi. Umeota kwenye kidoa."

"Basi upe notisi, uhame."

Mstari mzima ulicheka. Sharti la kumi na moja ukutani linasema uso wa mwanamume usiwe na nywele. Halisemi ngapi. Shangazi, nifanye nini? Nishauri, lakini usimwambie baba.

Wako,
Khiêm

*

Sa Đéc, 28 Julai 1996

Mwanangu Khiêm,

Marahaba. Sisi wazima. Miche imeshika, tumeanza kuikata ncha ili itoe matawi, na baba yako anashinda kwenye mtumbwi kati ya vichanja vya vikapu vilivyo juu ya maji, akiisemesha kama watoto wa shule. Goti langu linauma mvua ikikaribia, yaani linauma kila siku. Jirani yetu Mama Sáu anakusalimu, kanunua miwani mpya na sasa anaona mambo ya watu mpaka ng'ambo ya mto.

Baba yako nimemwambia. Ukitaka jambo liwe siri usiliandike kwa wino.

Sasa nisikilize. Huyo Bi Ngân simwamini. Mwanamke anayekagua nyuma ya masikio ya wanaume alfajiri anatafuta nini? Na wewe mwenyewe sikuamini sana, maana nakujua, ukichekwa mbele za watu huwa unafanya lolote ili wanyamaze. Ulinyoa nusu ya nyusi darasa la tano kwa sababu hiyo hiyo.

Nakukumbusha ingawa unajua. Baba yako alikwenda Kambodia na lori la jeshi, tukakaa miaka miwili bila habari. Mimi kwa mikono yangu niliiweka picha yake kwenye meza ya wafu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Wiki ile ile unywele ulipochomoza kwenye kidoa chako, mtu aliyekonda aliingia mlangoni, akaona picha yake inafukizwa ubani, akauliza, "Nani kafa?" Hilo sikuhadithiwa. Nililiona kwa macho yangu.

Unywele ule ndio uliomvuta, na ndio unaomshika. Usiuguse. Nijibu neno moja tu: upo?

Shangazi yako,
Tư

(Chini, kwa mwandiko mwingine:)
Udevu, usimsikilize sana shangazi yako, ila unywele uache. Nimeshauzoea. Kula, hata kama supu haina sukari. Baba.

*

Hà Nội, 18 Agosti 1996

Kwa Shangazi Tư,

Shikamoo, na pole na goti. Nimefurahi kusikia miche imeshika. Huku joto ni la kumchemsha mtu, lakini ndani ya hoteli ni baridi mpaka tunavaa fulana mbili. Supu nimeizoea. Nimejifunza kusema "karibu" kwa lugha nne.

Kazi inakwenda vizuri sana. Wiki iliyopita Bi Ngân alipita mbele yangu bila kusimama hata mara moja, na huku hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Nimejifunza kupiga pasi kola kuanzia nchani kwenda katikati. Viatu napiga brashi kila jioni mpaka naona meno yangu.

Nimekuwekea picha. Hapo niko mezani kwangu, nimevaa suti. Mwonyeshe baba, na Mama Sáu na miwani yake.

Muda umekwisha, zamu inaanza. Nitaandika mengi baadaye.

Wako,
Khiêm

*

Sa Đéc, 8 Septemba 1996

Mwanangu Khiêm,

Marahaba. Sisi tupo. Tangu mvua ile ya Agosti hatujatengamaa, lakini tupo. Maua yanakua. Nimeajiri watu wawili wa kusaidia, usiulize kwa nini, kazi ni nyingi.

Picha nimeiona. Suti nzuri, mabega yamekaa, nywele zimechanwa kama za mtoto wa waziri. Lakini niambie, mwanangu: mtu akipigwa picha ya kupeleka kwao, huwa anapokea simu? Umeshika simu, na mkono wa simu umeziba kidevu chote. Mama Sáu kaigeuza picha huku na huku kama kidevu kitatokea kwa nyuma.

Nilikuuliza neno moja. Ukaniletea joto, pasi, lugha nne, na kola. Mimi si mtoto wa jana. Nilikulea tangu mama yako alipofariki ukiwa na siku tisa, najua unavyonyamaza.

Nataka picha nyingine. Bila simu, bila kikombe, bila mkono. Kidevu kitupu kikinitazama.

Baba yako anakusalimu. Ana shughuli, hakupata nafasi ya kuandika mstari wake.

Shangazi yako,
Tư

*

Hà Nội, 29 Septemba 1996

Kwa Shangazi Tư,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mwenzetu wa tatu amerudishwa Kusini, safari hii kwa marashi makali, mgeni mmoja alipiga chafya mpaka akashindwa kutia sahihi. Tumebaki sita. Mwisho wa Desemba wataamua nani anapewa kazi moja kwa moja.

Picha uliyotaka hii hapa. Kidevu hicho, na unywele huo. Umeridhika?

Na mimi nina swali. Baba hajawahi kukosa nafasi ya mstari mmoja. Aliniandikia hata mstari wa kunikemea siku ile alipoumwa jino. Na barua yako, Shangazi, nilipoifungua ilinuka mafuta ya kuchua. Mwenzangu wa chumba aliisikia akiwa kitandani kwake, akauliza, "Nani mgonjwa kwenu?" Nikamwambia ni goti la shangazi. Lakini kwa goti moja, chupa ile ingedumu mwaka.

Nani mgonjwa kwetu?

Wako,
Khiêm

*

Sa Đéc, 20 Oktoba 1996

Mwanangu Khiêm,

Marahaba. Magoti ninayo mawili, na nitayachua nipendavyo.

Nimeipokea hiyo picha yako. Tumekaa nayo mlangoni penye mwanga, mimi na Mama Sáu, tangu chai ya asubuhi mpaka jua likatuhama. Unywele wako unajikunja kwenda kulia, na nchani umekuwa mwekundu kidogo kama ndizi ya kukaanga. Huu wa picha umesimama wima kama askari wa zamu. Tena umeota chini ya kidoa, si juu yake. Mama Sáu kavua miwani akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Tư, hii ni brashi ya viatu."

Njia ya mwongo ni fupi, Khiêm. Umeubandika kwa nini, wali? Mtu mzima wa miaka ishirini na minne anakaa mbele ya kioo anajibandika brashi kidevuni ili amdanganye aliyemfulia nepi. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka, kisha nikalia kabisa mpaka Mama Sáu akaondoka.

Sitaki picha tena. Nataka tarehe. Uliukata lini? Usiulize nataka ya nini. Nipe tarehe.

Shangazi yako,
Tư

(Chini:)
Mwanangu Khiêm, mimi ni mzima, kazi ni nyingi tu. Baba yako.

*

Hà Nội, 10 Novemba 1996

Kwa Shangazi Tư,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa.

Barua zako zote ninazo kwenye boksi la viatu, kwa mpangilio wa tarehe. Nimezitandaza kitandani nikazilinganisha. Mstari wa mwisho wa barua ya Oktoba hakuuandika baba. Tangu nina miaka kumi na minne hajawahi kuniita Khiêm, ananiita Udevu. Na herufi ile ya K yenye mkia wa panya ni yako.

Jumapili nilipiga simu posta ya kwetu. Mtu akaenda kukuita. Nikasikia ukipumua kwenye simu, naijua pumzi yako. Nikasema, "Baba yuko wapi?" Simu ikakatika. Laini za huko mbovu, lakini si mbovu kwa adabu hivyo, kusubiri mpaka swali liishe. Mficha maradhi, kilio humfichua, Shangazi, na maneno hayo ulinifundisha wewe.

Sasa nakupa ulichotaka. Niliukata Ijumaa tarehe 9 Agosti, saa kumi na mbili na robo asubuhi, chooni kwa wafanyakazi, kwa mkasi wa kucha. Kwa sababu ya mstari kucheka. Ulikuwa umeniambia nisiuguse, na mstari wa baba ulikuwa mfukoni mwangu siku hiyo. Bi Ngân akapita bila kusimama, nami nikajiona mtu.

Saa nne akashuka meneja, Bwana Koh, Mchina wa Singapore. Akanitazama, akashika kidevu chake mwenyewe. "Uko wapi?"

"Nani, Bwana?"

"Unywele! Nilikuchagua kati ya watu arobaini kwa ajili ya unywele ule. Mlango wa hoteli unataka mtu wa bahati. Mama yangu angekuja kukaa hapo kwenye kochi autazame tu. Nani kakwambia uukate?"

Nikamwonyesha sharti la kumi na moja. Akamgeukia Bi Ngân, akasema, "Lile ni la ndevu. Ule si ndevu." Bi Ngân akatazama viatu vyake, na viatu vyake vilikuwa visafi kama kawaida.

Kwa hiyo hakuna aliyenilazimisha. Hilo ndilo nililoshindwa kuandika.

Nami nataka tarehe. Uliandika kwamba tangu mvua ya Agosti hamjatengamaa. Baba amepatwa na nini, na siku gani? Kama ni kabla sijakata, nitakuja Tết. Kama ni siku ile au baada ya siku ile, Shangazi, sitaweza kuja kusimama mbele yake. Nitatuma kila ninachopata, lakini uso wangu sitauleta.

Wako,
Khiêm

*

Sa Đéc, 1 Desemba 1996

Mwanangu Khiêm,

Marahaba, na Mungu akupe usingizi, maana naona huna.

Baba yako alipatwa na kiharusi. Alikuwa kwenye mtumbwi anamwagilia, akainama, hakuinuka. Watu wa kichanja cha pili walimvuta. Upande wa kulia haukuamka. Mdomo umepinda kidogo, maneno yanatoka nusu, lakini anakula, anacheka, na anamkaripia kila mtu kwa nusu ya maneno. Mkono wa kulia haushiki kalamu, ndiyo maana hukuona mstari. Nilitaka kukuandikia siku ya kwanza. Alinishika nguo kwa mkono wa kushoto, hakuniachia mpaka nilipoapa. Alihofia utaacha majaribio na kupanda treni.

Umeniuliza siku. Ni Jumamosi tarehe 20 Julai. Hesabu mwenyewe, siku ishirini kabla hujashika huo mkasi. Mvua ya Agosti iliangusha vichanja, basi, hiyo ndiyo niliyoiandika. Kwa hiyo unywele wako hauna kosa, wala mkono wako. Nilikuuliza tarehe yako kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kabla sijakwambia. Sasa ninayo.

Nakuomba jambo moja. Barua zangu za zamani zichome. Makaratasi yakikaa kwenye boksi yanafuga mende, nawe unakaa na watu wasafi. Zichome zote, usianze kuzisoma tena.

Maua yameanza kutoa vitumba. Safari hii nimekata vikonyo mimi mwenyewe na baba yako anasema nimevikata vibaya. Njoo uone.

Shangazi yako,
Tư

(Chini, kwa herufi kubwa zilizopinda:)
UDEVU NJOO

*

Hà Nội, 22 Desemba 1996

Kwa Shangazi Tư,

Shikamoo. Mwambie baba mstari wake nimeupata, na kwamba mkono wake wa kushoto unaandika vizuri kuliko mkono wako wa kulia.

Jana walitangaza majina. Tumebaki wanne, na mimi ni mmoja wao. Nimepewa likizo ya siku kumi kwa ajili ya Tết, na tiketi nimeshanunua. Nitafika tarehe 3 Februari kama treni haitalala njiani. Usichinje bata mpaka unione, nitamchinja mimi.

Unywele umechipua. Umefika nusu ya ukucha na umeanza kujikunja kwenda kulia. Bwana Koh huupitia kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Bi Ngân naye alisimama mbele yangu kwenye ukaguzi, akautazama muda mrefu, akasema, "Naona mpangaji karudi," akaendelea na kola ya mwenzangu. Mstari ulicheka, nami nilicheka sana kuliko wote.

Barua zako sikuzichoma. Siwezi. Ila nilipokuwa nazipanga nimekuta moja haipo, ile ya tarehe 28 Julai, ambayo baba aliniandikia mstari chini kwa mkono wake wa kulia. Nimetafuta kwenye boksi, chini ya godoro, mifukoni mwa suti. Nadhani ni mende, kama ulivyosema.

Kwa hiyo sina tarehe nyingine yoyote, Shangazi, ila hiyo uliyonipa. Nakuja nayo.

Mwanao,
Khiêm